Je, Wajua? Vijana wa Kichina na Watu Wanaowashikia Ngazi

Je, wajua kwamba China ina kipimo chake cha uimara wa kijana? Mwaka 2008 wanasaikolojia wawili, Hu Yueqin na Gan Yiqun, walichapisha dodoso la maswali 27 walilolitunga kwa ajili ya vijana wa nchi yao wanaopitia misukosuko. Maswali hayo yana mafungu matano: kujiwekea lengo na kulishikilia, kuzitawala hisia, kuyatazama matatizo kwa jicho la matumaini, kuwa na familia inayokuunga mkono, na kuwa na mtu wa kumwendea ukizidiwa. Yaangalie vizuri mafungu mawili ya mwisho. Kijana anaweza kuwa na moyo wa chuma, lakini kama nyumbani hana wa kumsikiliza na shuleni hana wa kumwambia, alama zake zinashuka.

Tumezoea kusema mvumilivu hula mbivu, na vijana wa China wanasifiwa dunia nzima kwa uvumilivu. Wanastahili sifa hizo. Lakini kila ninaposoma habari zao namwona pembeni mtu mwingine ambaye picha haikumlenga: bibi, mwalimu, kocha, fundi wa zege. Ndiyo maana habari nilizokusanya hapa chini zinawahusu hao pia.

*

Kuna kijiji kiitwacho Atuleer, wilaya ya Zhaojue, mkoani Sichuan, katika eneo la Liangshan wanakoishi watu wa kabila la Yi. Kiko juu ya jabali. Hadi mwaka 2016 njia ya kwenda shule ilikuwa ngazi 17 zilizofungwa kwa miti na mitambaazi, moja juu ya nyingine, katika mteremko wa kimo cha mita 800 hivi. Watoto wa miaka 6 hadi 15 walikaa bwenini chini bondeni, kisha kila baada ya wiki mbili walipanda kurudi nyumbani wakiwa na mikoba mgongoni. Wazazi walipokezana kuwafuata, na wadogo walifungwa kamba kiunoni ili mtu mzima aliye juu awashike.

Mwezi Mei 2016 mpiga picha Chen Jie wa gazeti la Beijing News alipanda nao, na picha zake zikaenea kila pembe ya dunia. Watu wengi walistaajabia ujasiri wa watoto. Mimi nastaajabia zaidi yaliyofuata. Kabla mwaka haujaisha ngazi ya chuma ilikuwa imewekwa, yenye vidato 2,556, na mabomba yake yalipandishwa na wanakijiji wenyewe kwa migongo yao. Mei 2020 kaya 84 zikahamia kwenye nyumba mpya mjini Zhaojue, karibu na shule. Ujasiri wa watoto hao ulikuwapo miaka yote. Kilichokosekana kilikuwa chuma.

*

Je, wajua kwamba sensa ya mwaka 2010 ilitumika kukadiria kuwa watoto zaidi ya milioni 61 wa vijijini China walikuwa wakiishi bila mzazi mmoja au wote wawili, kwa sababu wazazi wamekwenda mjini kutafuta riziki? Idadi hiyo inazidi watu wote wa Kenya. Mwaka 2016 serikali ilitoa hesabu nyingine: milioni 9.02. Watoto hawakuwa wamerudiwa na wazazi wao ghafla. Safari hii walihesabiwa wale tu walio chini ya miaka 16 ambao wazazi wote wawili wako mbali, au mmoja yuko mbali na aliyebaki hana uwezo wa kulea. Ndiyo maana mtu akikutajia idadi ya watoto hawa, muulize kwanza amehesabu nani.

Chanzo kikubwa cha kutengana huko ni utaratibu wa usajili wa makazi uliowekwa mwaka 1958. Kila raia anaandikishwa mahali, na huduma nyingi, shule ikiwa mojawapo, zimefungwa na mahali hapo. Baba anaweza kushona viatu Dongguan miaka 10 bila mwanawe kupata nafasi kwa urahisi katika shule ya serikali ya huko. Hata wanaofanikiwa kukaa na wazazi mjini, wengi hulazimika kufungasha wakifika miaka 15 hivi, kwa kuwa kwa kawaida mtihani wa kuingia chuo kikuu hufanywa katika mkoa ulikoandikishwa. Kijana anarudi kwenye kijiji asichokijua vizuri, kwa babu na bibi aliowaona wakati wa Sikukuu ya Majira ya Kuchipua tu.

Watoto hawa wanawezaje? Siku za shule wengi wanakaa bwenini, na mwisho wa wiki wanarudi kwa bibi. Dada mkubwa anafua nguo za wadogo, anawasimamia kazi za shule, anapika. Simu ya mkononi imekuwa sebule ya familia: mama yuko bwenini kiwandani, mtoto yuko jikoni kwa bibi, wanatazamana kwenye kioo. Watafiti waliowafuatilia watoto hawa wamekuta jambo linalojirudia, kwamba wale wanaozungumza na wazazi wao mara kwa mara wana hali njema kuliko wale ambao simu hulia kwa nadra. Umbali unaumiza, na kimya kinaumiza zaidi. Sioni sababu ya kuwasifu wazazi wala kuwalaumu. Wengi wao waliondoka ili ada ilipwe na paa liezekwe. Ila kila mara mtoto wa aina hii anapopewa cheti cha mwanafunzi bora, natamani bibi yake naye aitwe jukwaani.

*

Chakula cha mchana nacho kina sehemu yake. Hadi karibu mwaka 2011, katika baadhi ya shule za milimani kusini-magharibi mwa China, wanafunzi wa bweni walibeba mchele na soya kutoka nyumbani na kujipikia. Wengine walishinda na njaa hadi jioni. Aprili 2011 mwandishi wa habari Deng Fei na wenzake walianzisha kampeni ya kuchangisha yuan 3 kwa mlo mmoja wa mwanafunzi mmoja. Oktoba mwaka huohuo serikali kuu ikatangaza mpango wa lishe kwa wanafunzi wa vijijini wa elimu ya lazima: yuan 3 kwa mtoto kwa siku ya masomo, bajeti ya yuan bilioni 16 kwa mwaka, na walengwa milioni 26 hivi katika wilaya 680. Mwaka 2014 kiwango kilipanda hadi yuan 4, na mwaka 2021 hadi yuan 5. Ukimwambia kijana akaze moyo, hakikisha kwanza amekula.

*

Je, wajua kwamba tarehe 12 Mei 2008, saa 8:28 mchana kwa saa zao, tetemeko la Wenchuan lilipopiga Sichuan, shule moja yenye wanafunzi zaidi ya 2,200 ilitoka yote nje kwa dakika 1 na sekunde 36?

Ni shule ya sekondari ya Sangzao, jirani na wilaya ya Beichuan. Habari yake inaanza miaka kadhaa kabla. Ye Zhiping alipokuwa mwalimu mkuu katika miaka ya 1990 alirithi jengo la madarasa lililojengwa kwa kulipua katika miaka ya 1980. Hapakuwa na aliyethubutu kutia saini ya kulipokea. Mafundi walipoanza kulikagua walikuta mianya kati ya vipande vya sakafu imejazwa mifuko ya karatasi ya saruji badala ya saruji yenyewe. Nguzo zilikuwa nyembamba mno kwa uzito zilioubeba.

Ye alikwenda ofisi hadi ofisi kuomba fedha, akipata kidogo leo na kidogo mwakani. Mifuko ikatolewa, mianya ikajazwa zege. Nguzo zikaongezewa nondo na kunenepeshwa. Ukarabati ulimeza zaidi ya yuan 400,000, zaidi ya mara mbili ya gharama za kulijenga jengo lile.

Kisha, kuanzia mwaka 2005, akaweka zoezi la kutoka nje kwa dharura kila muhula. Kila darasa lilijua njia yake na mahali pake uwanjani. Madawati ya mbele yalitoka kwa mlango wa mbele, ya nyuma kwa mlango wa nyuma, kwa mistari miwili. Walimu walipangwa kusimama kwenye kona za ngazi, kwa sababu hapo ndipo watoto huanguka na kukanyagana. Mwanzoni wanafunzi waliliona ni mchezo na baadhi ya walimu waliona wanapoteza muda wa masomo. Ye hakuacha.

Siku ya tetemeko yeye mwenyewe alikuwa safarini Mianyang. Aliporudi alikuta wanafunzi wake wote wako hai uwanjani, walimu wakiwa wamewazunguka. Mwalimu mkuu huyo alilia. Ng'ambo ya pili, shule ya sekondari ya Beichuan ilipoteza zaidi ya watu 1,000, wanafunzi na walimu. Tetemeko lote liliua watu zaidi ya 69,000 na wengine karibu 18,000 hawakupatikana kamwe. Wazazi wengi waliuliza kwa uchungu kwa nini majengo ya shule yaliporomoka huku mengine ya jirani yakibaki wima, na swali lao lilikuwa la haki. Ye alifariki mwaka 2011.

Watoto wa Sangzao hawakuwa na ushujaa zaidi kuliko wa Beichuan. Wote walikuwa Wachina wa milima ileile, umri uleule, malezi yaleyale. Tofauti yao ilikuwa nondo, zege na mazoezi.

Kwa waliobaki, maisha yaliendelea upesi kuliko ambavyo mtu angetarajia. Wanafunzi wa Beichuan walihamishiwa katika kituo cha mafunzo cha kampuni ya Changhong huko Mianyang, na masomo yakaanza tena. Mtihani wa kuingia chuo kikuu, ambao kwa kawaida huanza tarehe 7 Juni, ulisogezwa hadi tarehe 3 Julai katika wilaya 40 za Sichuan na baadhi ya wilaya za Gansu. Watahiniwa wapatao 120,000 wa Sichuan waliufanya mwezi huo, wengi wakiwa wamesoma wiki za mwisho ndani ya mahema. Wengine tungeona ni ukatili kumpa mtihani kijana aliyetoka kuzika. Lakini ratiba nayo huweza kumshika mtu mkono: kengele inalia, mwalimu anaingia, mwenzako wa jirani anafungua daftari, nawe unafungua lako.

*

Tukizungumzia mtihani huo, wajua kwamba uliwahi kufanywa mwezi Desemba? Ulisimamishwa mwaka 1966, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, na vijana zaidi ya milioni 16 wakapelekwa vijijini kulima. Wengi waliondoka mjini wakiwa na miaka 15 au 16. Mwaka 1977 ukarudishwa ghafla, na katika baridi ya mwisho wa mwaka watu milioni 5.7 wakaufanya, wa miaka 13 hadi 37, huku nafasi zikiwa 270,000 hivi. Karatasi za kuchapia maswali zilikuwa adimu hata ikabidi zitumike zilizotengwa kwa ajili ya maandiko ya Mao. Shanghai watu walipanga foleni ndefu kwenye duka la vitabu la Xinhua wakisaka vitabu vya kujisomea hesabu, fizikia na kemia, na waliokosa walinakili kwa mkono vya wenzao.

*

Kisiwani Hainan, wilaya ya Qiongzhong, yenye watu wa makabila ya Li na Miao, kocha Xiao Shan alianza mwaka 2006 kufundisha mpira wasichana 24 wa vijijini. Uwanja ulikuwa wa vumbi na mawe. Wengine walicheza pekupeku ili viatu visiishe mapema. Timu yote ililala katika chumba kimoja. Kwa wengi wao, kumaliza kidato cha tatu na kuolewa au kwenda kiwandani ndiyo njia iliyokuwa ikiwasubiri.

Mwaka 2015 timu ya Qiongzhong ilikwenda Gothenburg, Sweden, kwenye mashindano ya vijana ya Gothia Cup, ikarudi na kombe. Ikalichukua tena mwaka 2016, na tena mwaka 2017. Wasichana wengi waliopitia timu hiyo wameingia vyuo vikuu kwa sababu ya mpira, na baadhi wamerudi kuwa makocha wa wadogo zao. Sipendi habari za michezo zinapoishia kwenye kombe. Hapa kombe lilikuwa tiketi tu.

Quan Hongchan mnamjua. Alizaliwa mwaka 2007 kijijini Maihe, Zhanjiang, mkoani Guangdong, na akiwa na miaka 14 alishinda dhahabu ya kuruka majini kutoka jukwaa la mita 10 katika Olimpiki ya Tokyo, kwa alama 466.20. Baada ya ushindi alisema anataka pesa za kumtibu mama yake, aliyekuwa ameumia katika ajali ya gari. Ambalo wengi hawalijui ni mwanzo wake: mwaka 2014 kocha Chen Huaming alipita shuleni kwao, akamwona mtoto wa miaka 7 akiruka kwa mguu mmoja katika vyumba vilivyochorwa ardhini. Akasimama kumtazama.

*

Sasa upande mchungu. Mwaka 2024 watahiniwa milioni 13.42 walijiandikisha kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu. Katika shule kama ya Hengshui, mkoani Hebei, wanafunzi wanaosubiri kuanza mbio za alfajiri husimama mstarini wameshika karatasi, wakisoma kwa sauti. Maotanchang, mkoani Anhui, mji mzima unaishi kwa ajili ya wanafunzi wanaorudia mtihani. Akina mama hupanga chumba kimoja karibu na shule ili wawapikie wanao kwa mwaka mzima. Nawaheshimu akina mama hao kwa moyo wote. Lakini si kila kijana anatoka salama.

Ripoti ya afya ya akili ya Chuo cha Sayansi cha China iliyotolewa mwaka 2021 ilionyesha kuwa asilimia 24.6 ya vijana waliopimwa mwaka 2020 walikuwa na dalili za sonona, na asilimia 7.4 dalili kali. Kijana mmoja kati ya wanne! Hao hawakushindwa kuvumilia. Walibebeshwa mzigo uliozidi. Septemba 2020 Tume ya Taifa ya Afya iliagiza uchunguzi wa sonona uingizwe katika upimaji wa afya wa wanafunzi. Ipo pia simu ya msaada kwa vijana, namba 12355. Julai 2021 serikali ilipiga marufuku kampuni za masomo ya ziada kujipatia faida kwa kufundisha masomo ya msingi ya elimu ya lazima, na kuyazuia mwisho wa wiki na wakati wa likizo. Mwezi uliofuata ikaamuru walio chini ya miaka 18 wacheze michezo ya mtandaoni kwa saa moja tu, saa 2 hadi saa 3 usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Hatua ya kwanza ilipunguza mzigo kwa wengine na kuuhamishia mafichoni kwa wengine, kwa kuwa mtihani wenyewe haukuguswa.

*

Nimeiacha Huaping mwisho kwa sababu ndiyo inayonikaa moyoni. Huaping ni wilaya ya milima mkoani Yunnan, chini ya Lijiang. Zhang Guimei, mzaliwa wa Heilongjiang, kaskazini kabisa, alihamia huko mwaka 1996 baada ya mumewe kufa kwa saratani. Alipokuwa akifundisha aliona wasichana wakipotea darasani mmoja mmoja. Amesimulia mara nyingi habari ya msichana aliyemkuta ameketi kando ya kilima, na kapu na mundu, akitazama mbali. Wazazi walikuwa wamepokea mahari ya yuan 30,000. Msichana alisema anataka kusoma.

Zhang akaamua kujenga sekondari ya wasichana isiyo na ada. Kuanzia mwaka 2002, kila likizo, alikwenda Kunming kuomba michango mitaani akiwa na nakala za vyeti vyake. Watu walimwita tapeli. Kwa miaka mitano alipata kama yuan 10,000. Mwaka 2007 alipokwenda Beijing kama mjumbe wa mkutano mkuu wa Chama cha Kikomunisti, mwandishi wa habari aliona suruali yake ya jinzi imetoboka, wakazungumza, makala ikaandikwa. Lijiang ikatoa yuan milioni 1, Huaping nayo milioni 1.

Septemba 2008 wakaingia wasichana 100, bila kuangaliwa alama walizotoka nazo. Hapakuwa na ukuta wala jiko la shule. Ndani ya miezi sita walimu 9 kati ya 17 waliondoka. Zhang akabaki na waliobaki, kipaza sauti kidogo mkononi, akiwaamsha wasichana alfajiri na kuwahimiza hadi karibu usiku wa manane. Ratiba hiyo imekosolewa kwa ukali wake, na mimi nisingeiombea kila mtoto. Ila nikiwaza kilichokuwa kikiwasubiri nyumbani, nashindwa kumlaumu. Zaidi ya hayo, hakuwaachia wasichana kazi yote: kila likizo alipanda milima kuzitembelea familia zao, safari zilizozidi kilomita 100,000 kwa jumla, akibishana na baba huyu, akimbembeleza shangazi yule, akirudi na mwanafunzi aliyekuwa ameachishwa shule.

Mwaka 2011 wasichana 96 wa darasa la kwanza walifanya mtihani, na wote wakapata nafasi za masomo ya juu. Hadi sasa zaidi ya 2,000 wamefuata njia hiyo, na wamekuwa madaktari, askari, walimu. Mwaka 2021 Zhang alipewa nishani ya juu kabisa ya chama, mikono yake ikiwa imejaa plasta za maumivu ya viungo. Mmoja wa wasichana wa darasa lile la kwanza alisomea ualimu wa hesabu. Mwaka 2015 akasikia kwamba shule imepungukiwa na mwalimu wa hesabu, akaiacha ajira aliyokwisha kuipata wilaya ya jirani, akarudi Huaping. Alianza kama mwalimu wa muda, na baadaye akaajiriwa rasmi.